Chembe nyekundu zinavyopukutisha vijifuko usiku wa mkoromaji

Mfuko wa damu ukishakaa wiki tatu nne kwenye friji ya benki ya damu, si mfuko ule ulioingia. Chembe zimetulia chini, maji ya juu yameanza kuchukua wekundu, na mtu wa maabara akiuinua kwenye taa anajua kuna chembe zimepasuka humo. Asichokiona kwa macho ni kile kilichotokea kwenye chembe ambazo hazijapasuka. Hizo nazo zimebadilika. Zimekuwa ngumu, zimepoteza ule umbo wa kisahani, na kila moja imejimegua vipande vidogo vya ngozi yake, ikaviachia vielee. Ndiyo vijifuko ninavyotaka kuvizungumzia leo, kwa sababu vijifuko hivyohivyo vinatoka ndani ya mtu aliyelala nyumbani kwake, akikoroma.

Mimi kazi yangu ni damu: kuipima, kuipanga, kuitoa wodini. Mambo ya usingizi yalinijia kwa njia ya ndugu, nitayafikia. Kwanza tuelewane kuhusu hivi vijifuko.

Chembe nyekundu moja ina upana wa mikromita 7 au 8, na kijifuko chake nanomita 100 hadi 300 hivi. Hadubini ya kawaida ya maabara zetu hakioni. Kwa miaka mingi waliokiona walikidharau. Mwaka 1967 mtafiti Peter Wolf, Mwingereza, alieleza chembechembe zinazotoka kwenye chembe sahani za damu, zile za kugandisha damu, na kuziita vumbi. Mwaka 1983 makundi mawili, la Rose Johnstone huko Montreal likitumia damu ya kondoo na la Philip Stahl huko St. Louis likitumia damu ya panya, yaligundua kwamba chembe nyekundu changa, inapokaribia kukomaa, inafungasha vipokezi vya chuma ambavyo haivihitaji tena kwenye vijifuko vidogo sana na kuvitupa nje. Elimu yote ya leo kuhusu vijifuko vya seli, ambayo watu wa saratani na wa ubongo wanaitumia kana kwamba ni yao, chimbuko lake mojawapo ni chembe nyekundu. Sisi watu wa damu hatusifiwi vya kutosha kwa hilo.

Chembe ikishakomaa haina kiini wala mtambo wa kutengeneza protini. Imepewa siku 120 hivi za kuishi, na kikiharibika kitu ndani yake haiwezi kutengeneza kingine. Inachoweza ni kukata, kama mpishi anavyokata pembe iliyooza ya kiazi ili kilichobaki kipikwe. Hemoglobini iliyoharibika (hemoglobini ndiyo protini inayobeba oksijeni), protini za ngozi zilizoungua na mafuta yaliyogeuka upande vinakusanywa pahala pamoja, ngozi inavimba pale, inajibana, inakatika. Maisha yote ya chembe yakiisha, karibu sehemu ya tano ya ujazo na hemoglobini yake imekwenda kwa njia hiyo. Bila huo ukataji wengu lingeikamata mapema na kuimeza. Kwa hiyo kijifuko chenyewe si ugonjwa. Mtu mzima wa afya anavyo, na ini na wengu vinavizoa kimyakimya.

Shida inaanza vikizidi, au vikibeba mzigo mbaya.

Sasa kaka yangu. Ni dereva wa lori, njia yake ni Dar es Salaam na Tunduma, ana mwili, ana presha inayokataa kushuka ingawa vidonge anameza. Wifi alinipigia simu siku moja, sauti ya mtu ambaye hajalala. "Wifi, kaka yako sasa ananitisha. Akikoroma nalala, nimezoea. Akinyamaza ndiyo naamka." Nikamuuliza ananyamaza muda gani. "Mpaka nimsukume."

Mwenyewe alicheka. "Dada, sisi ni ukoo wa kukoroma. Baba si alikuwa anatikisa bati?" Ni kweli, baba alitikisa bati. Baba pia alipata kiharusi kabla ya kustaafu, lakini hilo sikulisema.

Jumapili moja baada ya pilau alijilaza kwenye kochi kwangu na hakuchukua muda. Nina kile kibano cha kidole cha kupimia oksijeni, nikambana nacho. Nikaona kitu ambacho kwenye vitabu nilikuwa nimekisoma tu. Kukoroma kulipanda, kukakatika. Tumbo na kifua viliendelea kuhangaika, vinavuta, lakini puani na mdomoni hewa haipiti. Kibano kikaendelea kusoma asilimia 95, 95, 94, kana kwamba hakuna lililotokea. Kisha akashtuka, akanguruma, hewa ikaingia, nikashusha pumzi. Ndipo namba ikaanza kuporomoka: 91, 87, 83. Anapumua, na namba inashuka. Damu iliyokosa oksijeni ilikuwa ndiyo kwanza inafika kidoleni kutoka kwenye mapafu. Ikafika chini, ikapanda haraka mpaka 95, na kukoroma kukaanza upya. Baada ya muda mfupi ngoma ikawa ileile.

Madaktari wanahesabu matukio hayo kwa saa. Pumzi ikikatika au ikapungua sana kwa sekunde 10 au zaidi, ni tukio moja. Kuanzia 5 kwa saa ni apnea ya usingizi, kuanzia 15 ni ya wastani, 30 na kuendelea ni kali. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yaliwaweka watu wenye 5 au zaidi, wa umri wa miaka 30 hadi 69, kwenye milioni 936 duniani. Ni wengi kuliko wanavyodhaniwa, maana mgonjwa mwenyewe amelala, na shahidi wake huwa ni mke, mume, au mwenzake wa bwenini.

Mimi lakini nikiangalia kibano kile nilikuwa nahesabu kitu kingine. Damu yote ya mtu aliyepumzika inazunguka mwili mzima kwa takriban dakika moja. Mwenye apnea kali anashuka na kupanda mara 30 au zaidi kila saa. Kwa usiku wa saa saba ni zaidi ya mara 200, na chembe nyekundu ziko kwenye msukosuko huo mizunguko yote. Kesho tena. Chembe ya siku 120 itakuwa imepigwa na mawimbi hayo maelfu kwa maelfu.

Na kupanda na kushuka ni kubaya kuliko kushuka na kubaki chini. Anayeishi mlimani mrefu ana oksijeni kidogo mchana na usiku, mwili wake unajipanga. Mwenye apnea mwili haujui ujipange kwa lipi. Hemoglobini iliyoshiba oksijeni imetulia. Iliyo katikati, nusu imeshiba na nusu ina njaa, ndiyo inayotema kwa wingi oksijeni kali yenye kuunguza. Halafu oksijeni inarudi ghafla na kuongeza moto. Chembe ina dawa zake za kuzima moto huo, lakini hazitoshi kwa usiku wa namna hiyo kila siku. Protini za ngozi zinaungua, kalisi inaingia ndani, nguzo zinazoshikilia ngozi zinalegea. Chembe inafanya lile moja inaloliweza: inakata na kutupa.

Sasa kijifuko kimeingia kwenye plazma, yaani maji ya damu. Ndani kimebeba hemoglobini, na hemoglobini ina tamaa kubwa na gesi moja inayoitwa nitriki oksaidi. Gesi hiyo hutengenezwa na utando wa ndani wa mishipa ya damu. Ndiyo inayoiambia misuli ya mshipa ilegee, damu ipite, presha ishuke. Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Nobeli ya tiba mwaka 1998 kwa kuifichua. Hemoglobini ikiwa ndani ya chembe nzima haiinyakui sana, kwa kuwa chembe hupita katikati ya mshipa, mbali na ukuta, na ngozi yake inaichelewesha gesi kuingia. Kijifuko hakina ustaarabu huo. Ni kidogo, kinapita ukingoni kabisa, kinagusa ukuta. Mwaka 2011 watafiti wa Pittsburgh walipima vijifuko vinavyotoka kwenye damu iliyohifadhiwa wakakuta vinanyakua nitriki oksaidi kwa kasi ya takriban mara 1,000 kuliko chembe nzima, karibu sawa na hemoglobini iliyomwagika wazi.

Halafu kuna mafuta ya nje. Ngozi ya chembe ina tabaka mbili, na aina moja ya mafuta, fosfatidilserini, hufichwa tabaka la ndani. Kwenye kijifuko hugeuka nje. Protini za kugandisha damu zinayapenda mafuta hayo, zinajipanga juu yake na kazi ya kugandisha inaanza pasipo na jeraha. Kuna na mzigo mwingine: vimeng'enya, vipande vya RNA, hemu yenyewe yenye chuma. Watafiti wa Karolinska huko Stockholm wameonyesha kwamba vijifuko vya chembe nyekundu za watu wenye kisukari cha aina ya pili vinaingia kwenye utando wa mishipa na kuupelekea kimeng'enya cha ajinesi, ambacho hula malighafi ya nitriki oksaidi kabla haijatengenezwa. Kwa hiyo gesi inapungua kwa njia mbili, ikinyakuliwa baada ya kutengenezwa na ikinyimwa malighafi.

Upande wa apnea yenyewe, kazi ninayoipenda ni ya Angers, Ufaransa, ya mwaka 2010. Walichukua vijifuko kutoka kwenye damu ya watu wenye apnea, wakavidunga kwa panya wazima, na mishipa ya panya hao ikapoteza uwezo wa kulegea. Panya hawakukoroma wala kukosa hewa. Walipokea tu mabaki ya usiku wa mtu mwingine. Vilikuwa vijifuko vya aina zote, vya chembe nyeupe, chembe sahani na nyekundu kwa pamoja, kwa hiyo mtu asije akaniambia kesi imeisha na mshtakiwa ni chembe nyekundu. Lakini kwa idadi, chembe nyekundu ndizo nyingi kupita seli zote za mwili, ndizo zinazobeba oksijeni yenyewe, ndizo zinazopigwa moja kwa moja. Kuziacha nje ya uchunguzi ni ajabu, na kwa miaka mingi ziliachwa. Watu wa apnea walitafuta kwenye chembe nyeupe na utando wa mishipa. Chembe nyekundu walizihesabu mfuko tu wa kubebea hemoglobini.

Nakiri maelezo haya yananivutia mno, na ndiyo maana nayawekea breki. Benki ya damu imetufundisha adabu. Baada ya yale majaribio ya maabara kuhusu damu iliyokaa, dunia iliogopa: je, tunawaua wagonjwa kwa damu ya zamani? Majaribio makubwa yakafanywa Ulaya na Amerika Kaskazini. Jirani hapa, hospitali ya Mulago, Kampala, watoto 290 wenye upungufu mkali wa damu walipewa, kwa bahati nasibu, damu ya siku 25 hadi 35 au damu isiyozidi siku 10. Matokeo yalitoka mwaka 2015: damu ya zamani ilisahihisha hali ya watoto sawasawa na mpya. Vijifuko vilikuwemo, nitriki oksaidi ilinyakuliwa bila shaka, na watoto wakapona vilevile. Kila nikisoma jaribio zuri la kwenye sahani ya maabara nawakumbuka watoto wa Mulago.

Hata hivyo mfuko mmoja wa damu si sawa na maisha ya apnea. Mgonjwa anapewa damu mara moja, ini na wengu vinasafisha, basi. Mkoromaji anajimwagia vijifuko usiku huu na usiku ujao na miaka ishirini ijayo, kwenye mishipa ambayo tayari ina presha, mara nyingi na sukari juu yake. Kwa hiyo naona swali la apnea bado liko wazi, na lina nafasi kubwa ya kujibiwa ndiyo.

Tiba nayo imeleta kitendawili. Mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge, ilielezwa na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney mwaka 1981, na kwa usingizi wa mchana hakuna ubishi, inafanya kazi. Lakini utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, wa watu zaidi ya 2,600 ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au kiharusi, haukuona CPAP ikipunguza mshtuko wa moyo, kiharusi au vifo. Wengi walisononeka. Mimi jicho langu lilikwenda kwenye namba nyingine ya utafiti huohuo: kwa wastani watu waliivaa saa 3.3 kwa usiku. Nusu ya usiku, pengine zaidi, walilala bila mashine, na chembe zao zikaendelea kukata. Kama vijifuko vina mchango, basi tiba ya nusu usiku inaacha nusu ya uchafu, tena nusu mbaya, kwa sababu usingizi wa ndoto, ambao misuli ya koo hulegea kupita kawaida, umejaa zaidi karibu na alfajiri.

Utasema basi tupime vijifuko kwa kila mtu. Polepole. Kuvipima ni kazi ya mtego. Tunavitambua kwa alama ya glaikoforini A iliyoko kwenye ngozi ya chembe nyekundu, kwa mashine inayopitisha plazma mbele ya miale ya leza. Mashine zetu nyingi hazioni kitu kidogo namna hiyo. Na kabla ya mashine kuna mkono wa mchukua damu. Ukifunga mpira wa mkononi muda mrefu, sindano ikiwa nyembamba mno, ukivuta bomba la sindano kwa nguvu, ukitikisa tyubu, ukaiacha juani kwenye boda boda kwa saa mbili, basi chembe zinakata na kupasuka humohumo tyubuni. Plazma inarudi ya waridi. Vijifuko utakavyohesabu vitakuwa vya kwako wewe mchukuaji, si vya usiku wa mgonjwa. Yeyote atakayekuuzia leo kipimo cha vijifuko cha kukwambia una apnea, mpe mgongo. Apnea inapimwa kwa kupima usingizi.

Na kupima usingizi kwetu bado ni shughuli, hospitali zenye vifaa si nyingi na bei si ya kila mtu. Kaka alikwenda kwa daktari kwa sababu wifi alimrekodi kwa simu akamwonyesha. Video ilifanya kile ambacho maneno ya dada mwenye vitabu hayakukifanya. Daktari alimpima shingo, akamuuliza kuhusu kusinzia kwenye usukani, kaka akatazama chini. Alipewa rufaa. Akisubiri zamu yake ameacha bia ya usiku, na wifi, ambaye ni fundi cherehani, amemshonea mfuko mgongoni kwenye fulana ya kulalia, ndani ametia mpira wa tenisi ili asilale chali. Anasema inamuudhi. Wifi anasema analala.

Kama ningepewa fedha za utafiti, nisingeanza na akina kaka, ingawa ndio walionifikisha hapa. Ningeanza na watoto wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu. Hapa Tanzania wanazaliwa maelfu kila mwaka, chembe zao tayari zinamwaga vijifuko kuliko za mtu yeyote, na mwaka 2015 watafiti wa Paris walionyesha kwa panya kwamba vijifuko hivyo vinapeleka hemu kwenye utando wa mishipa na kuweza kuiziba. Watoto hao wengi wana tonsili na nyama za puani zilizovimba, wanakoroma, na tangu mwaka 2001 tunajua kutokana na utafiti wa London kwamba oksijeni ndogo ya usiku inaambatana na hatari kubwa ya kiharusi na matatizo mengine ya ubongo kwao. Kwa mtoto wa selimundu kila mporomoko wa oksijeni unazipinda chembe papo hapo.

Ningechukua damu mara mbili kwa mtoto yuleyule, jioni kabla hajalala na alfajiri kabla hajanyanyuka, kibano kikiwa kidoleni usiku kucha, mchukua damu mmoja, sindano ya saizi moja, tyubu ikishughulikiwa palepale wodini. Tofauti ya jioni na alfajiri ndiyo mazao ya usiku huo, na mtoto anakuwa kipimo cha kujilinganisha mwenyewe. Kisha watakaoamuliwa na daktari wakatwe tonsili, wakapona, ningewalaza usiku mmoja tena na kurudia yote. Wataalamu wapo, watoto wapo kliniki, vibano ni bei ya chini siku hizi. Mashine ya leza yenye jicho la kutosha ndiyo ningelazimika kuiazima.